Mtoto wa Kumi na Moja

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Mwalimu Mkuu alikuwa amechuchumaa nyuma ya vyoo vya wavulana, akitafuta pembe ambayo ufa wa ukuta usingeonekana. Ofisi ya elimu ilitaka picha nne kila siku kabla ya saa mbili: vyoo, tangi la maji, walimu waliofika, na wanafunzi wakiwa wameketi, wote wakitazama mbele. Alipiga ya kwanza, kivuli chake kikaingia. Akapiga ya pili. Kabla hajaituma, simu ikalia mkononi. Ulikuwa ujumbe wa ofisi katika kundi la wakuu wa shule, ambamo shule yake ilikuwa namba kumi na nne: "Namba kumi na nne, tangi tumeliona. Choo kiko wapi?"

"Choo kiko hapa hapa," alinong'ona. "Hakijaenda popote."

Akatuma. Alipoinuka, magoti yalilia. Kutoka darasa la kwanza zilimfikia sauti za watoto wakiimba ma, me, mi, mo, mu, na mguu wake ukataka kukata kona kuelekea huko, kama mguu wa mtu anayepita mbele ya nyumba alimozaliwa. Simu ikalia tena. Akaenda ofisini.

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa akimsubiri mlangoni na fomu ya kusoma. Alikuwa binti mwembamba, mwaka wake wa kwanza kazini, mwenye kalamu tatu mfukoni kana kwamba moja ingeweza kumtoroka. Fomu yenyewe ilikuwa nyepesi: kila mtoto wa darasa la nne asome aya moja mbele ya mwalimu wake, kisha jina lake litiwe alama, anasoma au hasomi. Sentensi ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari. Shule itakayokuwa na watoto zaidi ya kumi wasiosoma, mkuu wake atakabidhi ofisi. Mwaka uliopita sentensi hiyo ilikuwa imewamwagisha unga wakuu wawili.

Mwalimu Mkuu hakusoma majina. Aliteremka moja kwa moja hadi kwenye jumla.

"Kumi?"

"Kumi, Mwalimu Mkuu."

"Hujanipunguzia?"

"Waliomo ni hao kumi."

Akajitupa kitini, akacheka peke yake. "Umeniokoa, binti. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vyombo kichwani." Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule, hatua themanini kutoka pale; ofisi ikienda, nayo inakwenda.

Mwalimu wa darasa la nne hakucheka. Alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Kuna jingine?"

"Hapana. Ninauliza tu, fomu inaondoka lini?"

"Ijumaa."

"Basi, hapana."

Alipotoka, mahali pake pakajazwa na mzazi aliyekuja kuuliza kwa nini mwanawe amerudi na kiatu kimoja, halafu na mtu wa saruji aliyetaka sahihi, halafu na mpishi wa shule aliyesema kuni zimelowa. Mwalimu Mkuu aliwajibu wote akiwa na simu sikioni, kwa sababu upande wa pili ofisi ya elimu ilikuwa ikitaka kujua idadi ya miti aliyopanda na mingapi kati yake ilikuwa hai.

*

Saa kumi jioni, alipofika nyumbani, aliwakuta barazani mama mkwe wake na mwanawe wa darasa la nne. Mkwe alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi, kitabu mapajani, akimsomea bibi yake hadithi ya mbuzi aliyepotea. Walimwita Chiriku kwa vile hakuwahi kunyamaza tangu alipojifunza kusema. Alisoma kwa madaha, mkono mmoja hewani, sauti ikipanda mbuzi alipolia na kushuka mbuzi alipochoka.

Mwalimu Mkuu alisimama kidogo akasikiliza. Siku nzima hakuwa amesikia kitu kizuri kama kile.

"Chiriku wangu," alisema. "Ngoja nivue viatu, uje unisomee na mimi."

"Mama Chiriku," mkwe wake alisema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Vaa viatu vyako hivyo hivyo, ukae hapa."

"Kuna nini, Mama?"

"Kaa kwanza. Na wewe mjukuu wangu, nisomee tena pale mbuzi anapofika mtoni."

Chiriku akafungua kurasa mbili, akaanza. Mbuzi akafika mtoni, akanywa maji, akaona kivuli chake.

"Jana aliona samaki," bibi alisema.

Chiriku akaacha kusoma.

"Na juzi hakunywa maji, aliogopa. Kitabu ni kilekile, mbuzi anabadilika." Sasa aliinua macho, akamtazama mkaza mwanawe kwa huruma tupu. "Mwanangu, mimi sijui hata herufi moja. Lakini miaka arobaini nimeshika kitabu cha nyimbo kanisani, nageuza ukurasa jirani yangu akigeuza, naimba bila kukosea. Mtu anayejifanya hakwami. Mimi sikuwahi kukwama hata siku moja. Na huyu hakwami."

Mwalimu Mkuu alicheka, cheko la mtu anayesukuma mlango akiamini hakuna kitu nyuma yake. Kwenye kizingiti kulikuwa na karatasi ya kufungia sabuni. Aliiokota, akailaza juu ya kitabu.

"Soma hapa."

"Sabuni," Chiriku alisema haraka.

"Vizuri. Na hapa chini, kwenye maandishi madogo?"

Mtoto aliitazama karatasi, akamtazama bibi yake, akalitazama beseni la nguo lililokuwa pembeni. "Inafua vizuri," alisema. "Inatoa... inatoa uchafu wote."

Karatasi ilisema: Weka mbali na macho.

Maharage mawili yalidondoka kutoka kwenye ungo. Kisha uso wa mtoto ukavunjika, ukaanza kutetemeka kidevuni kama ulivyokuwa ukifanya alipokuwa mchanga, na mama yake akaona kwamba kwa muda mrefu hakuwa amekitazama kidevu kile kwa karibu.

"Lakini ulisoma mbele ya mwalimu. Ile aya ya fomu. Jina lako si limetiwa alama ya anasoma?"

"Nilikuwa wa mwisho. Nilishawasikia wenzangu wote wakiisoma."

"Mwalimu hakujua?"

"Aliniambia nikae." Akafuta pua kwa kiganja. "Huwa haniiti ubaoni. Hakuna anayeniita. Wenzangu wanasema mtoto wa mkuu haulizwi."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuja kukuambia. Siku ile ofisini. Ulisema ningoje, unatuma picha za tangi."

*

Mume wake alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilisimama nje ya lango la shule, na nusu ya walimu walikuwa wateja wake. Aliisikiliza habari ile akiwa amepindua gurudumu juu ya meza, akipima spoku, hakuinua kichwa mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wako kumi na mmoja," alisema.

"Kumi na mmoja."

"Na kikomo ni kumi."

"Kumi."

"Na fomu tayari imeandikwa kumi, na si wewe uliyeiandika."

"Baba Chiriku."

"Nahesabu tu. Mimi ni fundi, nahesabu." Akaligeuza gurudumu, likazunguka likilia tik-tik-tik. "Iache fomu iende. Mtoto tumfundishe hapa nyumbani, kimya kimya. Kuna ubaya gani? Wewe ndiwe Mama Vifuniko. Umewafundisha watoto wa watu hadi leo wanasimama barabarani kukusalimu. Utashindwa na wako?"

Jina hilo lilimchoma. Kwa miaka kumi na miwili, kabla ya kupewa ofisi, alifundisha darasa la kwanza kwa vifuniko vya chupa za soda. Kila kifuniko kilikuwa na herufi moja iliyopakwa rangi ndani, na watoto walivipanga mezani, wakavisukuma kwa kidole hadi vikawa neno. Sanduku la vifuniko lilikuwa bado ofisini, juu ya kabati, chini ya mafaili ya saruji.

"Nikimwacha nje ya orodha ya wasiosoma," alisema, "hatapewa mwalimu wa saa za ziada. Watakaoandikwa ndio watakaopangiwa kipindi. Kwenye karatasi yeye atakuwa anasoma. Atakwenda darasa la tano akisoma, la sita akisoma."

"Si nimesema tutamfundisha wenyewe?"

"Lini? Nilikuwa nikisema hivyo hivyo kuhusu kumsuka nywele. Sasa anasukwa na Bibi."

Fundi alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Sikiliza, mama. Nimehama mara tatu kwa ajili ya kazi yako. Sijalalamika."

"Mara ya pili ulilalamika."

"Mara ya pili kidogo. Kibanda hiki kimenichukua miaka minne mpaka watu wakakizoea. Mama yangu ana miguu ya kuvimba. Tukitolewa humu tunakwenda wapi? Na watu watasema nini? Mkuu wa shule ana mtoto hajui kusoma! Hapo langoni watakuwa wananicheka wakijaza upepo."

"Watacheka."

"Na wewe uko tayari?"

"Sijui," alisema. Lilikuwa jibu la kweli, na fundi alilijua kuwa la kweli, ndiyo maana alikasirika zaidi. Alichukua pampu akaanza kujaza upepo gurudumu ambalo tayari lilikuwa limejaa.

*

Kesho yake alimwita mwalimu wa darasa la nne. Binti aliingia akiwa amekwisha kuanza kulia.

"Sijakuita kukukaripia. Kaa."

"Nisamehe, Mwalimu Mkuu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza. Nilimpa daftari asome, akanisimulia sinema." Alicheka na kulia kwa pamoja. "Anasimulia vizuri sana. Nilimwuliza mwalimu aliyekuwa naye darasa la tatu. Akaniambia, wewe mgeni, huyo ni mtoto wa mkuu, mpe alama zake uishi kwa amani. Naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo na wa darasa la pili."

Mwalimu Mkuu aliitazama mikono yake. Aliwakumbuka walimu wale mmoja mmoja, jinsi walivyompokea mlangoni na maneno matamu, mwanao ni hodari, mwanao amechukua akili yako, na jinsi alivyoyapokea maneno hayo kama mtu anavyopokea glasi ya maji, bila kuuliza yametoka wapi. Shule nzima ilikuwa imemheshimu hadi mwanawe akabaki bila mwalimu.

"Ningeandika nini, Mwalimu Mkuu? Ningekuja vipi kwako na jina lile? Wewe ndiye unayeandika ripoti ya kuthibitishwa kwangu kazini."

"Ungenikuta nimeinama kwenye simu, hata nisingekusikia," alisema. "Nenda darasani. Futa uso kwanza."

Alhamisi mratibu wa ofisi ya elimu alipiga simu mwenyewe. Alikuwa mtu wa sauti laini, wa kuuliza hali za watoto kabla ya kukukata maini.

"Fomu yako nimeambiwa iko tayari. Kumi, sivyo?"

"Huenda ikabadilika, mkubwa."

"Ikabadilika kwenda chini?"

"Kwenda juu. Mmoja."

Alisikia kijiko kikigonga kikombe upande wa pili.

"Mwalimu, nikuambie kama kaka yako. Mimi nazituma namba hizi juu, na walioko juu wanazituma juu zaidi. Huko hakuna anayemjua mtoto hata mmoja. Kumi ni namba nzuri. Ningekuwa wewe, nisingeigusa."

"Na mtoto mwenyewe, mkubwa?"

"Mtoto mmoja?" mratibu alisema, kwa mshangao wa kweli kabisa, kana kwamba ameulizwa habari za mti mmoja kati ya ile iliyopandwa.

Baada ya simu, Mwalimu Mkuu alipanda juu ya kiti, akayashusha mafaili ya saruji, akalivuta sanduku la vifuniko. Vumbi lilimwingia machoni. Alivimwaga juu ya meza, juu ya fomu, na kwa mazoea ya zamani vidole vyake vikaanza kuvitenga, a mahali pake, e mahali pake. Herufi a zilikuwa zimebaki nne tu. Hazitoshi hata sentensi moja.

Alitoa kalamu. Palipokuwa na alama mbele ya jina la mwanawe, alikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia alama upande wa pili, akaweka sahihi yake pembeni. Chini akafuta kumi, akaandika kumi na moja. Alipokuwa akifunga bahasha, aliilamba mara mbili.

*

Habari zilienda mbio kuliko bahasha. Jumatatu, langoni, mzazi mmoja aliyekuwa akijaziwa upepo alisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe kwa mkuu mwenyewe kuna kiza!" Wawili wakacheka. Fundi baiskeli aliondoa pampu kabla gurudumu halijajaa.

"Mbona umeacha?" mzazi aliuliza.

"Upepo umekwisha."

"Upepo unakwishaje?"

"Wa kwako umekwisha. Kasukume."

Jioni ile alirudi nyumbani na mfuko wa nailoni, akauweka mezani mbele ya mkewe bila neno. Ndani mlikuwa na vifuniko vya chupa, vilivyookotwa nyuma ya maduka, vikasafishwa kwa mafuta ya taa na kugongwa kingo ili visikate vidole vya watoto.

"Ulisema herufi a hazitoshi," alisema. "Hapo kuna hamsini. Lakini bado nimekasirika."

"Najua."

"Basi vizuri kama unajua."

Kila siku saa nane mchana, Mwalimu Mkuu aliifungia simu kwenye droo ya ofisi, akaenda chumba cha mwisho, mahali palipokuwa na madawati mabovu. Watoto kumi na mmoja walimngoja. Siku ya kwanza kumi kati yao walimtazama Chiriku kwa mdomo wazi. "Na wewe?" mmoja aliuliza. "Na mimi," Chiriku alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno. Mwalimu wa darasa la nne alikuja kusaidia bila kuitwa, akaketi chini na watoto, kalamu zake tatu zikining'inia.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Chiriku alikuwa mgumu kuliko wote, kwa sababu wenzake hawakujua kitu na yeye alijua kukisia. Akiona ma, alisema mama. Akiona ki, alisema kitabu.

"Usikisie. Angalia."

"Lakini najua itakavyokuwa."

"Hujui. Hata mimi sijui. Sukuma kifuniko."

Siku nyingine alivisukuma vyote sakafuni akalia kwamba yeye ni mjinga, na mama yake akapiga magoti kuviokota pamoja naye, kimoja kimoja, kila kimoja wakikitaja jina kabla ya kukirudisha mezani. Droo ofisini ililia, ikalia, ikanyamaza. Namba kumi na nne, ripoti ya miti haijafika. Namba kumi na nne. Namba kumi na nne.

*

Barua ilifika mwishoni mwa mwezi wa tatu tangu fomu iondoke, siku ya kufunga muhula. Ililetwa na tarishi wa ofisi ya elimu, aliyetaka sahihi mbili na ambaye hakukubali kuketi. Mwalimu Mkuu hakuifungua ofisini. Alitembea nayo zile hatua themanini.

Barazani mkwe wake alikuwa ameinyoosha miguu juu ya kigoda. Fundi alikuwa amefunga kibanda mapema. Alikuwa amemwona tarishi akipita langoni. Aliitazama bahasha, akaketi.

"Inasema nini?" bibi aliuliza.

"Sijaifungua, Mama."

"Nisome mimi?" Chiriku alisema.

"Hiyo si ya watoto," baba yake alisema.

"Mwache," bibi alisema. "Humu ndani mimi msomaji wangu ni yeye. Aisome, nami nisikie."

Mwalimu Mkuu alisita. Alijua, au alidhani anajua, yaliyokuwamo ndani. Kisha akaichana bahasha, akaikunjua karatasi, akampa mwanawe, akaketi nyuma yake kwenye ngazi ya juu, mahali ambapo angeweza kuona maandishi juu ya bega dogo.

Chiriku aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Mkono wake mwingine haukuinuka hewani. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"U-na... una-a-gi-zwa. Unaagizwa. Ku... ku-ka-bi..." Akasimama.

Fundi alifungua mdomo. Mkewe alimgusa goti.

"Kabila?" mtoto aliuliza.

"Usikisie. Angalia."

"Dhi. Ku-ka-bi-dhi. Kukabidhi!" Akavuta pumzi, akaendelea, jasho likimchuruzika puani. "Kukabidhi o-fi-si. Na nyu-mba. Ya... ya ku-i-shi." Kidole kikasimama. Aligeuka polepole, na macho yake yakaonyesha kwamba maneno yalikuwa yamefika. "Mama. Wanasema nyumba. Nyumba hii?"

"Hii."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yao. Endelea, mwanangu, mstari haujaisha."

Mkwe alikuwa akijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Huyo anasoma," alisema, kama anayewatangazia majirani. "Mnasikia anavyokwama? Huyo anasoma."

Chiriku aliinama tena juu ya karatasi. "Na ku-ri-po-ti... shu-le ya... namba tisa. Kama mwa-li-mu... wa da-ra-sa... la..." Neno la mwisho lilikuwa limekatwa na mkunjo wa karatasi. Aliinyoosha kwa kiganja, akaisogeza karibu. "Kwa..." Akakwama. Midomo yake ilitembea bila sauti. Jua lilikuwa limefika kwenye ngazi. Baba yake aliliona neno, na mama yake alikuwa ameliona zamani, na mguu wake ulikuwa umeshaanza kugonga ngazi, ma, me, mi, mo, mu.

Hakuna aliyemsaidia. Walimngoja.